Kuhusu mdogo wako (na mgongo wangu)

Salaam alaykum Sule,

Nisamehe kwa kimya, msg yako ya Idi niliiona nikasema ntajibu nikitoka shifti, ikapita wiki, ikapita ya pili. Mie mzima, mgongo tu ndo sio. Huku Fahud, kwenye visima vya mafuta vya Oman, joto lishaanza, saa nne asubuhi chuma hakishikiki bila glavu.

Sasa la mdogo wako, ulivyoniomba nimtafutie kazi huku. Nafasi ipo, tena kwenye rigi yetu, mtambo wetu wa kuchimbia visima, pesa nzuri, na supavaiza ananisikiliza. Lakini simleti. Usinune, nisikilize kwanza. Watu wanadhani uzito ndo unaoua. Bomba moja karibu kilo 300, hilo winchi inabeba, nani atalinyanyua? Kinachoua ni kuinama huku umejipinda. Kuna zile slipsi za kulibana bomba lisidumbukie kisimani, tunazishika watu watatu, tunainua, tunatia, tunatoa, tena. Kisima kikiwa mita 3,000 na kila kipande tunachotoa mita 27 hivi, piga hesabu mwenyewe, zaidi ya mara 100 kutoa, na mia nyengine kurudisha, kisa eti biti, ile ncha ya kuchimbia, imeisha meno! Na chini matope yanateleza, masaa 12.

Mie nna miaka 34 Sule, viatu navaa nimekaa kitandani kama babu. Mkono wa kulia usiku unakufa ganzi mpaka nauning'iniza nje ya kitanda. Kwa dokta wa kambi siendi, nikienda ataandika, akiandika ntapewa kazi nyepesi, na kazi nyepesi ndo mlango wa kutokea, si unajua ya Salim. Namuomba panadoli nasema kichwa. Anajua, anacheka tu.

Rigi ya jirani wana mashine inafunga na kufungua mabomba, vijana wamesimama pembeni na miwani yao utasema wako Forodhani. Sie bado tunavuta koleo kwa mikono. Huko ningempeleka mwenyewe, ila hawaajiri. Stoo yetu wanataka mtu, mshahara nusu, lakini atarudi kwao anatembea wima.

Ana leseni ya folklifti? Kiingereza chake vipi? Mamaako macho yashapona? Na yule bibi wa Makunduchi anaechua kwa mafuta ya mkarafuu bado yupo, au keshajichokea? Nakuja mwezi ujao, niwekee zamu. Mama Nasra usimwambie, anadhani mpira nimeacha kwa uvivu.

Wako,
Hemedi