Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Nishani za Zanzibar na Watu Waliozivaa

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum. Mkutano mkuu uliopita uliiagiza kamati ishughulikie nishani za Dola ya Zanzibar kabla ya jambo lingine lolote, na hivyo ndivyo tulivyofanya. Habari za fedha atazieleza Mweka Hazina. Kwa ufupi, hatudaiwi, na nawashukuru waliolipa ada mapema.

Wanachama wapya wameomba maelezo mafupi ya asili ya nishani hizi. Kubwa kuliko zote ni Al-Kawkab al-Durri, Nyota Ing'aayo, aliyoianzisha Sultani Barghash bin Said mwaka 1875, mwaka uleule aliozuru Uingereza na kupokewa na Malkia Victoria. Barghash aliona jinsi wafalme wa Ulaya wanavyofunga urafiki kwa utepe na nyota, naye akataka dola yake ikae baraza moja na zao. Sultani Hamud bin Mohammed akaongeza ya kwake, Hamudia. Ya mwisho, nishani ya Uhuru, ilitolewa chini ya Sultani Jamshid mnamo Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yakauondoa usultani wenyewe. Kwa hiyo ndiyo adimu kuliko zote, na bandia zake zimeanza kuuzwa. Msinunue kabla ya kuuliza.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Katika kukusanya majina ya waliotunukiwa tumegundua kwamba wageni hawatusumbui. Chukueni Arthur Raikes, ofisa Mwingereza aliyewaongoza askari wa Kizanzibari upande wa Waingereza katika vita vya Uingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896, vile vilivyokwisha kabla ya saa nzima kutimia. Tarehe 24 Septemba mwaka huohuo, Sultani Hamud akiwa hajatimiza mwezi kitini, Raikes alipewa Nyota Ing'aayo, daraja la kwanza. Siku inajulikana, daraja linajulikana. Lloyd Mathews, Waziri wa Kwanza wa serikali ya Zanzibar, alipewa Hamudia mwaka 1897, na hilo nalo limeandikwa. Lakini ukiuliza kuhusu karani wa forodha, mudiri (mkuu wa eneo) wa shamba au mwalimu aliyevishwa nishani na Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 hadi 1960, mara nyingi unaambiwa tu, "Babu alikuwa na kitu kama hicho."

Mwezi wa Rajabu mwanachama wetu mmoja alituletea nishani iliyokuwa kwenye kasha la marehemu mama yake, imefungwa kwa leso. Pini ya asili ilikatika zamani, pakatiwa pini ya kawaida ya nguo. Enameli nyekundu imebanduka kwenye ncha moja, na jina la Sultani katikati linasomeka vizuri. Upande wa nyuma fedha imelika, kwa sababu kila Idi ilikuwa ikisuguliwa kwa ndimu na majivu. Hati yake haipo. Tulikaa na shangazi wa familia hiyo alasiri nzima, na kumbukumbu zake zikatupa kazi ya baba yake, mtaa aliokaa na Sultani aliyemvisha. Bila bibi yule tungebaki na kipande cha fedha tu. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa ya mwaka huu, kuliko maonyesho yetu yaliyosifiwa sana.

Kwa hiyo nawaomba, kwa msisitizo wote nilio nao, msisugue nishani. Futeni vumbi kwa kitambaa laini kikavu, basi. Utepe uliochakaa usiutupe wala kuubadilisha. Na kabla ya kununua au kuuza, hata kama mnada uko ng'ambo na bei inavutia, piga picha mbele na nyuma, uandike ilitoka kwa nani. Wapo wanaosema hayo ni mambo ya familia, chama kisiyaingilie. Nawaheshimu, lakini siafiki. Familia ikitaka jina lake lisitangazwe, litabaki kwa Katibu peke yake. Tusichoweza kukirudisha ni jina ambalo halikuandikwa kabisa.

Mwaka ujao kamati inakusudia kupitia matoleo ya gazeti la serikali la Zanzibar, lililoanza mwaka 1892, yaliyohifadhiwa Nyaraka za Taifa, Kilimani, ili majina ya wenyeji yaliyochapishwa yaingie katika daftari letu. Tunahitaji wanachama wawili wanaosoma Kiarabu cha mkono bila kubahatisha, na kijana mmoja mwenye subira na kompyuta.

Naleta mbele yenu azimio moja: kuanzia leo nishani yoyote itakayoonyeshwa na chama iwe na fomu ya historia yake, hata kama fomu hiyo ina mistari miwili tu. Fomu ziko kwa Katibu, mlangoni. Tutapiga kura baada ya taarifa ya Mweka Hazina.

Wenu,
Mwenyekiti