Barua kwa mtani wa Mwanga, Kigoma

Isevya, Tabora
28 Juni 2024

Mtani wangu Hamisi,

Mwangaluka! Barua yako imefika, na hongera kwa kuchaguliwa katibu wa tawi la Wananchi, Yanga, hapo Mwanga. Unasema Mnyama, Simba yetu, amelala, tawi letu lililo jirani nanyi limenyong'onyea, na vijana wako wanataka kuzungusha jeneza jekundu mitaani. Unauliza ufanye nini. Kumbe siku hizi mfiwa ndiye anayeulizwa matanga yaendeshwe vipi! Haya, nitakujibu.

Redio na magazeti hutuita watani wa jadi, na watu hulitamka neno hilo kama pambo. Kwetu Unyamwezini utani una kazi. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mtani akifika msibani husema maneno ambayo mwingine akiyasema atapigwa. Atamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, atazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote. Lakini ndiye huyohuyo anayeshika jembe kaburini na kuteka maji ya wapishi. Ruhusa ya kutania ameilipia kwa jasho. Anayekuja na mdomo mtupu, jembe hana, huyo ni mzomeaji tu hata akivaa jezi mpya kila msimu.

Basi pima kila wanachotaka kufanya vijana wako kwa kipimo hicho. Tuanze na jeneza, maana ndilo linalokuwasha. Kwanza ni maandamano, na sheria inataka polisi wapewe taarifa si chini ya saa 48 kabla. Vijana huwa hawapeleki. Pili, jeneza halichagui mlango. Litapita mbele ya nyumba yenye mgonjwa mahututi au iliyozika juzi, na hapo hakuna atakayekumbuka kwamba mnazika timu. Tatu, kuna mmoja lazima ataandika juu yake jina la mtu wa tawi la pili, "kwa utani". Hilo ndilo linaloleta mapanga. Kama lazima wazike kitu, wazike mpira uliotoboka, ndani ya uwanja wa tawi lenu, na waalike wawili watatu wa upande wetu waje kulia. Mtani akialikwa huja.

Vya kutania mnavyo tele, sibishi. Tarehe 5 Novemba mlitufunga 5–1, na kono la nyani la vidole vitano limetupwa usoni mwetu tangu siku hiyo. Aprili mkarudia, 2–1. Ligi mmeichukua kwa mara ya 30 na Kombe la Shirikisho mkaongeza, na sisi tumemaliza nafasi ya tatu nyuma ya Azam kwa tofauti ya mabao. Matokeo, msimamo, kocha aliyeondoka, mshambuliaji aliyekosa goli tupu, jina la Makolo: hivyo ni vya uwanjani, tutavumilia, na Utopolo mtaitwa vilevile. Visivyoguswa ni mzazi wa mtu, dini yake, kabila, maradhi, ndoa, deni lake dukani, na mtoto wake aliyevaa jezi. Mtoto hasa. Mtu mzima ataumeza utani wake, ila akimwona mwanawe analizwa na watu wazima barabarani hasahau.

Na umaskini wa klabu. Hapa nataka uelewe vizuri, maana sisi watu wa Msimbazi tulikosea. Msimu wa 2018/19, Mwinyi Zahera akiwa kocha wenu, Yanga ilitembeza bakuli kwa wanachama. Tukalicheka bakuli lile mpaka mbavu kuuma. Kilichotupita ni kwamba aliyetia humo shilingi elfu mbili ni mwendesha bodaboda au mama muuza migebuka, na kicheko chetu kilimfikia yeye, hakikuwafikia viongozi. Klabu ikamaliza ya pili, bakuli likasahaulika huko Jangwani makao makuu yenu, ila mitaani wapo ambao hadi leo hawapokei salamu zetu sawasawa. Klabu ikikosa fedha, cheka uongozi ukitaka, aliyechanga usimcheke.

Muda nao uwe na mpaka. Chukua siku tatu, kama matanga. Kuanzia filimbi ya mwisho mpaka jioni ya siku ya tatu, utani ruksa. Baada ya hapo anayeendelea kumfuata mtu kazini kwake au msikitini aitwe na tawi lake mwenyewe, nanyi mumkanye kabla sisi hatujalalamika. Akikanywa na wake husikia; akikanywa na mpinzani huongeza sauti.

Pole nayo ina saa yake. Usiipeleke usiku ule ule wa kipigo, itaonekana dhihaka hata ukiwa na nia safi. Ngoja siku ya nne. Nenda wewe na wazee wawili wa tawi, bila jezi, mkiwa na kilo mbili za sukari na majani ya chai. Anza na salamu na habari za nyumbani. Mpira aanzishe mwenyeji. Akianza kuwatukana wachezaji wake mwenyewe, nyamaza! Yeye ana haki ya kumwita beki wake gogo. Wewe ukiitikia tu "kweli", mmeshagombana.

Sasa kibanda umiza, banda la kutazamia mpira, kwa kuwa unasema matawi yote mawili mtatumia kimoja msimu ujao. Hapa ndipo ugomvi mwingi huzaliwa, na mara nyingi chanzo si mpira.

Kwanza mwanga. Mechi zetu kubwa huanza saa 11 jioni. Dar saa hiyo jua linakaribia kuzama, ila kwenu ziwani bado linachoma, maana huzama zaidi ya nusu saa baada ya Dar. Kama mnatumia projekta, kipindi chote cha kwanza picha itakuwa imefifia. Watu hawaoni kama mfungaji ameotea, wanaanza kubishana kwa kukisia. Zibeni madirisha na mianya ya bati kwa turubai zito tangu asubuhi, na acheni nafasi ya hewa juu, nyuma ya watazamaji.

Pili umeme. Ukikatika timu moja ikiwa nyuma, wenzao watasema mmezima makusudi. Jenereta iwashwe mara moja kabla ya mechi kujaribiwa, na dumu la petroli liwe na lita nne au tano. Jenereta ndogo ya kuendesha projekta, king'amuzi na spika hula kama lita moja kwa saa, na mechi pamoja na mbwembwe zake haipungui saa mbili na nusu. Swichi ishikwe na watu wawili, mmoja wa kila upande. Kifurushi cha king'amuzi kilipiwe siku moja kabla, maana siku yenyewe mitandao ya malipo huelemewa, na kiingilio mkishakichukua hamna pa kujificha.

Kiingilio chenyewe kikusanywe chote kabla ya mpira kuanza. Mkiacha cha mapumziko, walio nyuma kwa mabao matatu hawatatoa, na ndipo maneno yanapoanzia.

Tatu ni redio. Kapige marufuku vispika vya masikioni. Sauti ya redio hutangulia picha ya king'amuzi kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo mwenye redio hushangilia penalti ambayo wenzake bado wanaona inatengwa. Waliofungwa wanafungwa mara mbili.

Kukaa: msiwachanganye siku ya dabi, wala msiweke ukuta. Upande wa kulia nyinyi, kushoto sisi, njia ya mita moja katikati, na mabenchi mawili ya mbele ya wazee wa pande zote waliochanganyika. Benchi la mita mbili likae watu wanne. Mkibana watano, bao likiingia mtu ataruka na kiwiko chake kitamfikia jirani, na hakuna atakayeamini kuwa ni bahati mbaya. Vinywaji vya chupa viuzwe nje, ndani iwe vikombe vya plastiki. Mwisho wa mechi waliofungwa watoke kwanza, kwa mlango ulio karibu nao. Walioshinda wabaki kama dakika kumi wakitazama mahojiano. Jambo dogo, lakini dakika kumi hizo ndizo zinazoamua kama kutakuwa na ngumi mlangoni.

Dau la fedha likatae kabisa ndani ya kibanda. Wakitaka kuwekeana, iwe aliyeshindwa avae jezi ya mwenzake siku moja sokoni, au anunue kreti la soda na wanywe wote. Liandikwe kwenye daftari na kusainiwa kabla ya mechi, kwa sababu baada ya kipigo kumbukumbu za watu hupungua. Kwenye kundi la WhatsApp weka sheria moja tu: picha ya kuchezea iwe ya timu au ya mchezaji uwanjani, isiwe sura ya mtu wa mtaani.

Kuhusu Mashujaa. Najua tarehe ile ya Aprili mlilala mnaimba, walipotutoa kwenye Kombe la Shirikisho kwa penalti 6–5 baada ya sare ya 1–1 hapo Lake Tanganyika. Lakini cheko lile lilikuwa la kuazima, mtani. Wenye nalo ni wao, watoto wa Kigoma waliopanda ligi mwaka jana. Mkiwageuza fimbo ya kutupigia tu, siku wakiyumba nani atawashangilia? Sisi hapa tumeiona. Agosti 16 mwaka jana timu yetu ya mkoa, Tabora United ya leo, ilianza ligi dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji wanane, wengine usajili haujakamilika. Wawili wakashindwa kuendelea, wakabaki sita, na sheria inataka wasipungue saba. Mwamuzi akavunja mchezo wakiwa wameshafungwa 4–0. Nchi nzima ilicheka. Mwezi huu imenusurika kwenye mchujo dhidi ya Biashara United. Ingeshuka, Simba na Yanga zisingekuja tena Ali Hassan Mwinyi, na mama lishe, nyumba za wageni na bodaboda za hapa wangepoteza siku zao mbili kubwa za mwaka. Tuliionja hiyo Rhino Rangers waliposhuka 2014 baada ya msimu mmoja tu.

Na mkumbushe yule kijana wako anayevaa jezi ya kila Mwarabu anayecheza na sisi. Tanzania ina nafasi nne kwenye mashindano ya klabu Afrika kwa sababu ya pointi za miaka mitano, na ndani yake zimo robo fainali zetu na fainali yenu ya Kombe la Shirikisho Afrika ya 2023 na USM Alger. Kama si fainali ile, mshika nafasi wa tatu kama sisi leo huenda angebaki nyumbani. Azomee akitaka, ila ajue anazomea mfuko wake.

Mwisho, jembe. Kabla ya Agosti, kabla ya Siku ya Mwananchi na Simba Day, pangeni siku moja ya matawi yote mawili kuchangia damu hospitalini. Mtu awe na kilo 50 au zaidi, awe amekula na kunywa maji. Chupa moja ni kama mililita 450. Mwanamume hurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Kwenye orodha msitenganishe rangi. Na fungueni daftari moja la msiba, si mawili. Akifa wa kwetu, nyinyi mchimbe na kuteka maji. Akifa wa kwenu, jembe tunalo. Jezi zisiingie makaburini ila familia ikiomba.

Ubao wa mabenchi ukishakatwa niandikie vipimo vya hicho kibanda, upana na urefu, nikuchoree mahali pa milango. Asali chupa mbili nimempa abiria wa treni ya Jumapili, moja ya kwako na moja ya mwenyekiti wa tawi letu hapo. Yake usiionje.

Mtani wako,
Saidi