Dada, ulimziba mtoto masikio

Dada yangu, shikamoo.

Nimekupigia, hupokei. Ujumbe unausoma, hujibu. Naandika hapa mbele za watu kwa sababu najua watoto wakishalala huwa unapitia ninayoandika.

Jumamosi ile mlifika shambani kwangu kabla jua halijachomoza. Nilikuwa nimefagia banda mara mbili na kuwatafutia watoto viatu vya mpira. Mwanao mkubwa alikamua mpaka vidole vikamuuma. Nilipomwonyesha kukinga michirizi ya kwanza kwenye kikombe cheusi, tuone kama maziwa yana mabonge, maana hiyo ndiyo dalili ya ugonjwa wa kiwele, aliinama akakagua kama daktari. Ukacheka kile kicheko chako cha siku za ndoo iliyotoboka. Sikuwa nimekisikia muda mrefu.

Halafu gari la mnunuzi likaingia.

Mwanao mdogo asubuhi nzima alikuwa na yule ndama dume, akimnyonyesha vidole. Akauliza, "Anakwenda wapi?" Ukamjibu anakwenda shule. Mtoto akanigeukia mimi. "Mjomba, eti kweli?"

Nikachuchumaa. Nikamwambia huyu ni dume, hatatoa maziwa, anakwenda kunenepeshwa, kisha atachinjwa awe nyama. Sikupandisha sauti. Ndipo ukamziba masikio kwa mikono yote miwili, ukasema, "Usimsikilize mjomba wako, hana moyo."

Sina moyo, Dada? Ndama yule alikuja kwa miguu ya nyuma, saa nane za usiku, na ni mimi niliyemvuta, nimelala kifudifudi kwenye majani. Nikamnywesha dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama yake, kwa chupa kabla hata hajasimama sawasawa, kwa kuwa utumbo wa ndama hupokea kinga ya mama yake kwa siku moja hivi, kisha hujifunga. Asiye na moyo angerudi kulala.

Nimeona picha, umewapeleka watoto kwenye shamba la watu wengine. Sawa. Basi waoshe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, usitegemee ile dawa ya kupaka mikononi bila maji. Kuna vimelea vya ndama ambavyo haiviui. Wasimwendee ng'ombe kwa nyuma moja kwa moja, huko haoni. Wasisimame kati ya ng'ombe na mtoto wake, hata awe mpole vipi. Na wakiuliza, wajibiwe. Ng'ombe hatoi maziwa asipozaa. Hubeba mimba miezi tisa, kama ulivyowabeba wao, na karibu nusu ya wanaozaliwa ni madume. Kila mwenye kukamua ana jambo la kuamua juu ya hao madume. Ningekubali hiyo shule yako, mwakani angeniuliza ndama amefika darasa la ngapi.

Labda ningekuachia wewe umwambie, nyumbani, kwa maneno yako. Nimeliwaza hilo mara nyingi nikiwa nakamua. Lakini aliniuliza mimi, ananitazama machoni.

Na wewe ndiye uliyenizoesha hivyo. Mbuzi wetu alipotoweka, nyumba nzima iliniambia amekimbia. Wewe peke yako ulinivuta nyuma ya jiko ukaniambia alikokwenda, ukanishika mpaka nikamaliza kulia. Nilikuwa na miaka sita. Sijawahi kukuona huna moyo kwa ajili ya siku ile. Nilikupenda zaidi.

Mama yake yule ndama amezaa tena wiki iliyopita, safari hii jike. Huyu anabaki, nimeshamvalisha hereni. Kila akisikia lango huinua kichwa.

Mliondoka kwa haraka, mwanao akaacha kiatu kimoja cha mpira. Kiko nyuma ya mlango wa banda, nimekiosha. Najua mguu umeshakua, hakitamwenea.