Kwa Binti Yangu, Kuhusu Kijiti Kilichoanguka

Mwanangu mpenzi,

Juzi usiku, ulipokuwa ukifungua kamba za viatu vyako vya mazoezi, uliniuliza kuhusu mwenzako wa timu aliyefiwa, "Mama, nimwambie nini?" Nilikujibu kwa haraka kwamba tutazungumza, kisha nikaondoka, kwa sababu sikuwa na jibu la kulisema nikiwa nimesimama mlangoni. Nimekaa na swali lako siku mbili, na leo nimeona afadhali nikuandikie.

Nianze na siku ya fainali ya mbio za kupokezana vijiti, ingawa najua hupendi kuikumbuka. Mlikuwa mnaongoza hadi pale mkimbiaji wenu wa tatu alipokukaribia. Ulifanya kila kitu kama mlivyofundishwa: ulisubiri akanyage alama yenu, ukaondoka bila kutazama nyuma, ukanyoosha mkono uliposikia sauti yake, lakini kijiti kikagusa vidole vyako na kuanguka. Kanuni ilikuwa upande wako, maana kijiti kikianguka kabla mpokeaji hajakishika peke yake, anayepaswa kukiokota ni yule aliyekileta. Mwenzako aliinama akakiokota wakati timu nyingine zikimaliza mbio. Tuliporudi nyumbani ulirudia sentensi moja tu, "Kosa ni lake," nami nikanyamaza, nikidhani kwamba hasira ya mashindano huisha yenyewe. Ningepaswa kusema neno, na ninakuomba radhi kwa kutolisema.

Baadaye ndipo mlipojua kwamba mama yake alikuwa mgonjwa mahututi tangu mwanzo wa muhula, kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiwaamsha wadogo zake na kuwaandaa kwenda shule, na kwamba usiku wa kuamkia fainali hakulala kabisa. Sasa mama yake amefariki, nawe ulipolia nilielewa kwamba machozi yale hayakuwa ya msiba peke yake.

Nilipokuwa na umri wako nilicheza mpira wa pete, na katika timu yetu ya wachezaji saba alikuwamo mlinzi niliyemwamini kuliko wote. Wazazi wake walipotengana, aliacha kuzungumza nasi, akawa anakuja mazoezini mwisho na kuondoka kwanza. Sisi wengine tulikubaliana kwamba kumheshimu ni kumwacha peke yake. Tulijiona wastaarabu, kumbe tulikuwa tunaogopa. Siku moja hakuja tena, na mimi niliyejua nyumbani kwao sikwenda kubisha hodi. Hadi leo sijui alikoishia.

Ndiyo maana kisa cha warukaji wawili wa kuruka juu hunigusa kila nikikikumbuka. Gianmarco Tamberi wa Italia aliumia vibaya kifundo cha mguu mwaka 2016, wiki chache kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Rio. Aliporejea mashindanoni mwaka uliofuata alishindwa vibaya mjini Paris, akajifungia chumbani hotelini. Mutaz Essa Barshim wa Qatar, mpinzani wake, alikwenda kugonga mlango wake, akaendelea kugonga hadi ukafunguliwa, akamsihi asiuharakishe mwili wake. Mwaka 2018 Barshim naye akaumia kifundo cha mguu. Tarehe 1 Agosti 2021, mjini Tokyo, wote wawili waliruka mita 2.37, wakashindwa 2.39, na badala ya kuendelea kushindana wakakubali medali mbili za dhahabu. Watu wengi husimulia kuhusu medali zile. Mimi navutiwa zaidi na ule mlango, kwa sababu yule aliyegonga hakuwa na uhakika wowote kwamba atafunguliwa, wala hakulazimika kwenda, kwani hawakuwa hata timu moja.

Kwa hiyo, umwambie nini? Kwanza umwombe msamaha kwa yale uliyoyasema baada ya fainali, mara moja tu na kwa maneno machache, usije ukampa kazi ya kukubembeleza wewe. Baada ya hapo maneno hayahitajiki sana. Usimuulize kama ameshapoa, wala usimwambie "ukihitaji chochote niite," kwa maana aliyefiwa hana nguvu za kutafuta cha kuomba. Mwambie, "Kesho nitakupitia twende mazoezini," kisha mpitie kweli, na akisema hawezi kuja, keti naye kidogo kabla ya kwenda. Anayo haki ya kucheka akiwa nanyi, tena asubuhi moja acheke na jioni asitake kumwona mtu. Na tafadhali, msifanye msiba wake kuwa wito wa timu. Nilisikia mmoja wenu akipendekeza kwamba mbio zijazo mzikimbie kwa ajili ya marehemu. Nia ni njema, lakini mngekuwa mnamtwisha mzigo mwingine, kwa kuwa kijiti kikianguka tena ataona amemwangusha hata mama yake.

Jambo moja sitaki ulibebe peke yako. Akikuambia siku yoyote kwamba hataki kuishi, au kwamba nyumbani kuna mtu anayemuumiza, hiyo si siri ya kutunza hata kama amekuapisha. Njoo kwangu au nenda kwa kocha siku hiyohiyo, na umwambie yeye waziwazi kwamba unakwenda kusema. Huenda akakukasirikia. Vumilia hasira hiyo.

Jana nilipita uwanjani bila wewe kuniona. Wenzenu walikuwa wameondoka, ninyi wawili mlikuwa mnapokezana kijiti kwa mwendo wa kutembea, tena na tena, yeye nyuma na wewe mbele, bila kuzungumza isipokuwa ile sauti yake ya kukuashiria unyooshe mkono. Kiliwaanguka mara mbili. Mara ya pili mliinama pamoja kukiokota, nanyi mkabaki mmechuchumaa pale kwa muda mrefu, vichwa vimegusana.

Jumamosi nitafika mapema, na nitakaa upande ule wa kona ya mwisho, pale mnapopokezana.

Mama yako akupendaye