Seva ya imeli ikigoma apdeti leo na kukubali kesho, bado haijapona

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yenu ya barua nizungumzie kitu ambacho sisi mafundi wa seva tunakutana nacho kila mara lakini sioni kikiandikwa magazetini, nacho ni hii hali ya seva ya imeli kugoma kuinstoli programu au apdeti, tena si kila siku, leo inagoma, kesho inakubali vizuri tu, keshokutwa inagoma tena. Na dawa iliyozoeleka ni moja, "jaribu tena baadaye". Mtu anajaribu, inakubali, anaandika imetatuliwa, anaendelea na mengine. Mimi nasema hapo hakuna kilichotatuliwa, na kwenye seva ya imeli hiyo tabia ni hatari kuliko kwenye seva nyingi nyingine.

Kwa nini nasema hivyo. Seva ya imeli haiwezi kujificha. Poti 25, mlango wa mtandao unaopokelea barua, lazima iwe wazi kwa dunia nzima maana hujui barua itatoka wapi, ukiifungia faiwoli (kichujio cha mawasiliano) iwaruhusu unaowajua tu basi umeshaua kazi yake. Sasa mlango ambao hauwezi kufungwa unalindwa na apdeti. Mwaka 2019 mwezi wa sita lilitangazwa tundu la usalama kwenye Exim, programu ya seva za imeli, matoleo ya 4.87 mpaka 4.91, mtu aliye mbali angeweza kuendesha amri kwa mamlaka ya root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote kwenye seva, na toleo la 4.92 ambalo halikuwa na tundu hilo lilishatoka tangu mwezi wa pili mwaka huohuo. Miezi minne watu walikuwa na dawa mkononi! Na bado tangazo lilipotoka hazikupita siku nyingi mashambulizi yakaanza, na zilizopigwa ni zile ambazo hazijapandishwa toleo. Machi 2021 ikawa zamu ya Exchange, seva ya imeli ya Microsoft, huko mashambulizi yalianza hata kabla ya apdeti kutoka, kisha yakazidi kwa zile zilizochelewa kuiweka. Kwa hiyo seva ambayo apdeti zake zinapita kwa bahati ni seva ambayo siku ya siku inaweza isiwe na bahati.

Tatizo la kuja na kuondoka lina sababu inayokuja na kuondoka, ndivyo ninavyoliona, na kazi ya fundi ni kuuliza nini kilikuwa tofauti saa ile ilipogoma. Nitoe mfano ninaoukuta zaidi ya mingine yote.

Apdeti inagoma katikati ya kufungua kifurushi cha programu, ujumbe unasema hakuna nafasi kwenye diski. Fundi anapiga df -h, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, anaona diski imejaa asilimia 55 tu, anashangaa, anajaribu tena usiku, inapita. Anasema basi ilikuwa shetani tu. Wala si shetani, alitakiwa apige df -i inayohesabu inodi, yaani nafasi za kusajili mafaili, kila faili linachukua moja. Mfumo wa mafaili wa ext4 unaotumika kwenye Linux unapotengenezwa unapanga tangu mwanzo idadi ya mafaili unayoweza kubeba, kwa kawaida inodi moja kwa kila kilobaiti 16, hivyo sehemu ya diski yenye gigabaiti 100 inakuwa na inodi milioni 6 na nusu hivi, na zikiisha zimeisha, hata kama nafasi yenyewe bado ipo tele. Sasa seva ya imeli inayotumia mtindo wa Maildir inaweka kila barua faili lake. Arifa fupi, barua taka, majibu ya "barua yako haikufika", vyote hivyo ni vifaili vya kilobaiti tatu, nne, tano, kwa hiyo inodi zinaisha kabla ya diski kujaa. Mchana foleni ni ndefu na barua taka zimerundikana, zimebaki inodi chache, kifurushi chenye mafaili maelfu (za hedaa za keneli, yaani kiini cha mfumo, ndio balaa) kinakwama njiani. Usiku kazi ya kusafisha inafuta taka za zamani, inodi zinarudi, apdeti inapita. Mchezo wote ni huo.

Na hapo ndipo ninapotaka watu wasikilize, kwa sababu inodi zilezile ndizo Postfix, programu ya kupokea na kutuma barua, inazozihitaji kupokea barua. Ikishindwa kutengeneza faili la foleni inamjibu mtumaji kwa kodi inayoanza na 4, maana yake rudi baadaye, mtumaji anarudi baadaye kweli, barua inafika imechelewa saa mbili au tatu, na huku ofisini watu wanalalamika imeli ziko slo, mwingine analaumu intaneti, mwingine analaumu simu yake. Hakuna anayeunganisha malalamiko hayo na apdeti iliyogoma mchana uleule, wakati ni ugonjwa mmoja. Ile apdeti ilikuwa inawaonya mapema.

Kujua inodi zimekwenda wapi si kazi ngumu, du --inodes -x -d 2 /var itakuonyesha folda iliyovimba. Mara nyingi ni folda za Junk ambazo hakuna anayezifungua, au boksi la root linalopokea ripoti za kroni (kazi za kujiendesha kwa ratiba) kila dakika tano tangu seva ilipozaliwa. Za Junk, Dovecot, ile programu inayowafungulia watu maboksi yao, yenyewe ina amri ya kuzifuta kwa umri, doveadm expunge, ila wakubaliane kwanza na wenye barua, maana zikifutwa zimefutwa. Na anayejenga seva mpya aweke barua kwenye sehemu yake ya diski mbali na mfumo, au achague mfumo wa mafaili wa XFS ambao unaongeza inodi kadiri unavyohitaji.

Sababu ya pili inayonikera ni memori. Seva nyingi za imeli zinaendesha ClamAV kukagua virusi, na hiyo inapakia orodha yake yote ya virusi kwenye memori, zaidi ya gigabaiti nzima. Sawa, mtu amepima, ameona inatosha. Lakini tangu toleo la 0.103 orodha mpya ikishuka ClamAV inapakia ile mpya huku ya zamani bado ipo, ili ukaguzi usisimame, yaani kwa muda mfupi inakula karibu mara mbili. Apdeti yako ikiangukia dakika hizo, keneli inaona memori imekwisha inachagua wa kuua, na anaweza kuwa dpkg, programu inayoinstoli vifurushi, katikati ya kazi. Ukijaribu tena baada ya dakika kumi, memori ipo! Kinachobaki ni ujumbe kwamba dpkg ilikatizwa na uendeshe dpkg --configure -a, watu wanauendesha bila kujiuliza nani aliikatiza. Jibu liko kwenye kumbukumbu za keneli, piga dmesg -T, limeandikwa na saa yake kabisa, nenda tu ukasome. Tiba ni kuongeza memori au swopu (sehemu ya diski inayosaidia memori), au kuzima ule upakiaji wa pamoja kwa ConcurrentDatabaseReload, ukijua kwamba ukaguzi utasimama kidogo kila orodha inapobadilishwa.

Upande wa mtandao nitapita haraka. Seva za imeli huwa zimebanwa sana zinapotoka nje, na faiwoli nyingi zimeandikwa kwa anwani za IP, yaani fundi aliangalia siku ile seva ya vifurushi ina anwani gani akaziruhusu hizohizo. Sasa deb.debian.org, ghala la vifurushi la mfumo wa Debian, inahudumiwa na mtandao wa usambazaji ambao anwani zake hubadilika, leo unapewa iliyoruhusiwa, kesho unapewa ambayo haimo kwenye orodha yako, ndio hiyo inagoma inakubali. Ruhusu jina kupitia proksi (seva ya kati) badala ya kuhangaika na namba. Mwingine ana IPv6, mfumo mpya zaidi wa anwani za mtandao, iliyowashwa nusunusu, anwani ipo lakini njia haiendi popote, huyo ailazimishe apt, programu ya kuleta apdeti, ipite IPv4 ya zamani, apt-get -o Acquire::ForceIPv4=true update, ikipita kila mara basi ameshajua pa kushika, ila aende akairekebishe hiyo njia asiishie kuilazimisha tu, maana hata barua zake zinazotoka zinajaribu njia hiyohiyo.

Niwe mkweli, zipo nyakati ambazo kujaribu tena ni sawa kabisa. Ukiambiwa jumla ya ukaguzi ya faili (namba ya kuthibitisha kuwa faili ni zima) haifanani na iliyotarajiwa, inaweza kuwa kioo unachopakulia, yaani seva yenye nakala za vifurushi, kiko katikati ya kujilinganisha na chanzo, faharasa mpya (orodha ya vifurushi) imefika faili bado, subiri kidogo. Lakini ikijirudia kwa kioo hichohicho badilisha kioo, au chunguza proksi yako inayotunza nakala za zamani. Na kwenye Ubuntu kuna apdeti zinazotolewa kwa awamu, seva mbili pacha, moja inaipata leo nyingine inaambiwa kifurushi kimezuiliwa, hiyo wala si hitilafu, ndivyo ilivyopangwa.

Kuna mambo mawili lakini ambayo naomba mafundi wenzangu tuyaache kabisa. La kwanza ni kufuta faili la kufuli. Apt inasema kufuli limeshikwa, mtu anakimbilia rm /var/lib/dpkg/lock-frontend, wakati anayelishika ni apdeti za kujiendesha zenyewe ambazo taima yake huziamsha kwa saa zisizotabirika, ndio maana unalikuta siku moja na siku nyingine hulikuti. Ukifuta, programu mbili zinaandika kwenye daftari moja la vifurushi kwa wakati mmoja, na kulinyoosha daftari hilo likishaharibika ni kazi ya usiku kucha. Mwambie apt asubiri, DPkg::Lock::Timeout ipo kwa ajili hiyo. La pili ni kuzima ukaguzi wa saini ili apdeti ipite. Yaani seva inayobeba barua za watu wote, nywila zinazobadilishwa, mikataba, majibu ya hospitali, halafu unaiambia ipokee programu kutoka kwa yeyote! Saini ikigoma angalia saa ya seva kwanza, ikiwa nyuma au mbele sana apt inakataa faharasa kwa haki, kisha angalia kama ufunguo wa kuthibitisha saini umekwisha muda.

Wakubwa wa ofisi nao wana sehemu yao. Fundi anaomba saa moja asimamishe imeli achunguze, anajibiwa hapana barua zitapotea. Hazipotei. Kanuni za SMTP, lugha ambayo seva hutumiana barua, zilizo kwenye waraka wa RFC 5321, zinamtaka mtumaji aendelee kujaribu, na muda wa kukata tamaa uwe angalau siku 4 au 5, na Postfix yenyewe inashikilia siku 5 isipobadilishwa. Saa moja ya kusimama barua inachelewa tu kisha inaingia. Mpeni fundi hiyo saa.

Na ninyi wahariri, ukurasa wenu wa teknolojia unajaa simu mpya kila wiki, tunazisoma na tunazifurahia, lakini naomba na huku nyuma mtufikie. Ombi langu kwa fundi yeyote atakayesoma hapa ni dogo, kabla ya kurudia amri iliyogoma aandike saa, anakili ujumbe wote na si mstari wa mwisho tu, apige df -h, df -i, free -m (ya memori) na dmesg papo hapo, maana baada ya nusu saa vyote vitakuwa vimeshabadilika.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi wa seva