Mkituita kula mbuzi, msitupangie nywele

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Najua barua za maji, barabara na bei ya mbolea zipo kwenye foleni mbele yangu. Hata hivyo hili langu nalo ni la mtaani, na akina mama tunaofuga nywele ndefu hapa Dodoma, kwenye upepo huu tunaoujua, tutaelewana.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Majengo. Kwanza niseme kabisa kwamba sipingi sare, maana sare ndizo zinazonilisha. Tangu serikali ilipoanza kuhamia huku 2016 nimeshona sare za harusi, za sendofu, za kipaimara na za vikoba, mpaka nyingine naziota usiku. Mtu akija na mita sita za kitenge akaniambia tupo ishirini na wote tunataka mshono mmoja, mimi nacheka na kuchukua tepu. Kwenye shughuli kubwa sare ina raha yake.

Sasa sikiliza kilichotokea. Majirani tunaokaa Nzuguni tuna utaratibu wetu: kila mwisho wa mwezi, Jumapili baada ya ibada, tunakutana kwa mmoja wetu. Tunachangishana, mbuzi anachomwa, pilau linapikwa uani, watoto wanacheza, wazee wanakaa kwenye kivuli cha mwarobaini wakizungumza habari zao. Hakuna mgeni rasmi wala mshereheshaji. Unakuja na kandambili ukitaka. Lakini Agosti hii mwenyeji alituma ujumbe kwenye kundi letu la WhatsApp: "Mbuzi saa saba mchana. Jinzi na tisheti nyeupe. Akina mama nywele ziachiwe, tutapiga picha."

Nikausoma mara mbili. Tisheti nyeupe kwenye vumbi la Agosti nilisamehe, sabuni ipo. Ni hayo maneno mawili, nywele ziachiwe, yaliyonikalisha macho.

Zangu zikivutwa zinashuka chini kidogo ya mabega. Zikiachwa zenyewe zinajikunja na kuishia shingoni, na anayeniona siku mbili tofauti hudhani nimekata. Miaka saba ya msingi na minne ya sekondari nilinyolewa kama wenzangu wote, kwa hiyo kichwa changu nimeanza kujifunza nikiwa mtu mzima. Nikaweka dawa ya kulainisha nywele karibu miaka kumi. Siku moja ikaniunguza nyuma ya sikio, kidonda kikakaa wiki mbili, nikaachana nayo na kuanza upya. Hizi nilizonazo nimezifuga tangu 2017, na nimezifuga hapa hapa, kwenye hewa kavu inayonyonya mafuta kichwani kama kitambaa cha pamba. Binamu yangu wa Dar es Salaam analalamika kwamba kwake unyevu wa bahari unazifumua nywele na kuzivimbisha. Mimi zangu zinakatika. Nikichana asubuhi bila kupuliza maji kwanza, nasikia tu ncha zinalia.

Kama ingekuwa shauri langu, Jumamosi ile ningemwendea msusi anisuke twende kilioni ya mkono, bila kuongezea rasta, yaani nywele za bandia, njia nane tu zirudi nyuma, mikia ikutane kisogoni nifunge kwa kipande cha kitenge. Ndivyo ninavyokaa kwenye cherehani siku zote, maana gurudumu la cherehani halijui nywele wala uzi, likikamata linavuta. Ukisukwa hivyo unainamia sufuria, unabeba mtoto, unakaa upande wowote wa moto, na jioni unajifuta vumbi la usoni tu. Na ukitaka kupendeza zaidi, unabana juu, unazungushia kitambaa cha rangi, unavaa hereni kubwa. Kwa mtoko wa mbuzi na soda, hapo mtu atake nini tena?

Lakini nilishasoma agizo, na mimi sipendi kuonekana mkorofi. Nikaosha, nikapaka mafuta ya nazi zikiwa bado na maji, nikazigawa mafungu kumi na mawili na kuzizungushia uzi mweusi toka shinani hadi nchani, ile ya mama zetu. Uzi ukilala usiku kucha, asubuhi nywele zimenyooka bila moto wala draya. Nikafunga kichwa kwa kipande cha bitana ya satini kilichobaki kwenye koti la mteja (mwenye koti akisoma hapa, kilikuwa kipande kidogo). Jumapili nikafungua fungu moja moja. Mume wangu akasema, "Leo umependeza, mama." Nakiri nilijitazama kwenye kioo zaidi ya mara moja.

Kutoka kwangu hadi kwa mwenyeji ni mwendo wa dakika nane. Nilifika nikiwa mtu mwingine. Wageni mnaohamia mjini kwetu, mjue kwamba kuanzia Juni mpaka Septemba upepo wa Dodoma hauna adabu. Unakuja kwa mbele, ukigeuka nao unageuka. Nywele za kushoto zilihamia kulia, zilizobaki zikaingia mdomoni na kunasa kwenye mafuta ya midomo. Halafu nikapewa kazi ya kugeuza pilau, kwa sababu inajulikana nina mkono wa pilau. Mkono wa kulia nimeshika mwiko, wa kushoto nimekamata nywele zangu kama mtu anayevuta mbuzi, macho yanatoka machozi ya moshi. Kitoto cha jirani kikanirukia mgongoni na vidole vimejaa zabibu, maana ndio msimu wa kiangazi na kila nyumba ilikuwa na beseni lake. Nywele zangu zilikula zabibu kabla yangu.

Sasa ndipo tukafika mezani. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alikuwa tonge la tatu au la nne. Akaacha kutafuna. Akaingiza vidole viwili mdomoni, taratibu, akaanza kuvuta. Akavuta, akavuta. Unywele ukatoka mrefu kama uzi wa kushonea, unang'aa kwa mafuta ya pilau. Hakusema neno. Akauweka ukingoni mwa sahani, akanywa maji.

Mhariri, macho yote yalikuja kwangu. Sikuwalaumu. Ni mimi niliyekuwa sufuriani, na ni mimi niliyeachia nywele zangu mwenyewe juu ya mvuke. Mtu mmoja akanong'ona, "Pole, fundi," kwa sauti ile inayozidisha aibu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Aliyeniokoa ni mama mmoja mtu mzima, hana maneno mengi. Aliuchukua ule unywele, akaenda nao jikoni, akaugusisha kwenye kaa la moto. Ukajikunyata papo hapo, ukayeyuka, ukawa kidonge kidogo cheusi kigumu, na harufu ikawa ya mfuko wa plastiki. Akarudi na kile kidonge kwenye kiganja. "Nywele ya mtu ikiungua inanuka kama kuku anayebabuliwa, na ukiishika inakuwa majivu," akasema. "Hii ni rasta." Wanawake watatu wakashika vichwa vyao kwa wakati mmoja. Hapo watu tukacheka, na mzee akaomba kuongezewa pilau. Nilifurahi, siwezi kudanganya.

Lakini kile kidonge kilinikaa akilini usiku ule nilipokuwa nachana vumbi na zabibu. Kazi ilinichukua saa mbili, na nilimaliza kwa kukata fundo mbili kwa mkasi wa kazini. Wale wenzetu watatu walikuwa na rasta zinazofika kiunoni, wameziachia kama walivyoambiwa, na siku nzima walikuwa wakipishana na jiko la mkaa upepo ukivuma. Rasta ile ni plastiki. Ikishika moto inayeyuka na kugandia kwenye ngozi. Mtu amemlipa msusi na kununua pakiti za rasta, jumla haipungui shilingi 30,000, halafu tunamwambia aziachie kwenye cheche ili picha ipendeze. Hata kuzibana kisogoni kwa mpira wa nywele wa shilingi mia mbili hatukumruhusu.

Picha yenyewe nimeiona. Mimi ni yule wa pili kutoka kushoto, asiye na uso.

Yote hayo ningeyameza nisiandike. Kilichonifanya nichukue kalamu ni jirani mwingine ambaye hakuja kabisa. Alituma mchango wake, akasema ana homa. Jumatano yake nilimpelekea zabibu nikamkuta mzima, anapepeta mchele. Tukazungumza mpaka akanifungulia kilemba. Miaka ya kusuka rasta nzito za kuvuta imemnyonyoa nywele zote za panja, kulia na kushoto, na kwa mbele ngozi inang'aa. Kazini anavaa wigi. Mtaani anavaa kilemba, na tunamsifia vilemba vyake bila kujua vinaficha nini. Wigi liliwahi kumtoka kwa upepo pale stendi ya Nanenane, akalikimbiza mbele za watu, na tangu siku hiyo halivai penye uwazi. "Ningeachia nini, fundi?" aliniuliza. Amenikubalia niandike, mradi nisimtaje.

Kuna na dada anayejistiri kwa hijabu. Yeye aliandikiwa kwenye kundi, "Wewe usijali." Alikuja, akakaa, akala. Lakini kwenye picha waliwekwa pembeni, yeye na bibi mmoja mwenye mvi aliyenyoa.

Nilimweleza mwenyeji haya kwa upole, maana ni mtu mkarimu na mbuzi wake alikuwa mnono. Akanijibu, "Ni kwa ajili ya picha tu, fundi, usikuze mambo." Labda nakuza. Ila nimeanza kuwasikia na wateja wangu wakisema hivyo hivyo: siku ya kuzaliwa ya mtoto wa miaka miwili, akina mama wote wasuke yeboyebo, chakula cha mchana cha wafanyakazi wenza, wote wabane mkia mmoja. Zamani sare iliishia kwenye nguo, tena za harusi. Nguo unaivua ukifika nyumbani. Kichwa nilichosukwa kwa ajili yako nitalala nacho wiki tatu.

Bibi yangu wa Mvumi alikuwa akitusimulia vijana wa Kigogo wa enzi za wazee wake, jinsi walivyosuka nywele nyembamba ndefu wakazipaka mafuta na udongo mwekundu. Sisi watoto tulicheka, mwanaume na nywele ndefu! Yeye hakucheka. Alituambia zilikuwa zikikusanywa na kufungwa nyuma, hazikuachwa zipepee, kwa sababu watu wale walikuwa wakichunga ng'ombe kwenye upepo huu huu.

Ninachoomba kwa wenyeji wenzangu ni kidogo. Ukitualika kienyeji, tuambie kama tutakaa uani au ndani, kama kuna kivuli, kama utatutia jikoni. Mwenye nywele ndefu akishayajua hayo atajua mwenyewe asuke, abane au aachie. Anayezichana kila siku ni yeye. Na akiachia, basi aachie kwa kupenda kwake, akae upande ambao moshi hauendi. Wapo wanaopendeza hivyo, na wapo wenye nywele zinazotulia hata kwenye upepo, Mungu kawajalia. Na akina mama, tusiwavute mno mabinti wadogo wakati wa kuwasuka. Mtoto akilia kwamba panja zinauma, mlegezee. Nimeona panja za mtu mzima kwa karibu, sitaki kuziona tena.

Zamu yangu ya kupokea watu ni mwisho wa mwezi huu. Nimeandika kwenye kundi: mbuzi yupo, saa saba, tutakaa uani, upepo unatokea upande wa shimo la mchanga, jiko litakuwa nyuma ya nyumba. Mpaka naandika barua hii watu watatu wameshauliza, "Na nywele je?" Sijawajibu. Jirani yangu wa vilemba yeye ameuliza kama alete sufuria lake kubwa la pilau. Huyo nimemjibu alete, na mwiko wake.

Fundi cherehani,
Majengo, Dodoma