Ushauri wenu wa joto umemsahau saidia fundi

Mhariri,

Ile habari yenu ya joto la Dar es Salaam nimeisoma mara mbili. Mmetushauri tukae ndani mchana, tuvae nguo nyepesi, tunywe maji mengi. Mimi ni fundi mwashi, huu mwaka wa 19, na sijawahi kuliandikia gazeti. Naandika kwa sababu hakuna hata mstari mmoja uliomgusa saidia fundi anayepandisha zege ghorofa ya tatu saa nane mchana.

Februari mwaka jana tulikuwa tunamwaga slabu. Tulikuwa na kijana mgeni, siku yake ya pili, katoka kwao Njombe kwenye baridi. Saa saba akaanza kuyumba na karai. Foromani akasema kalewa huyo, mwacheni. Nikamsogelea: pombe hainuki. Fulana imeganda chumvi nyeupe mgongoni, jasho limekata, ngozi inachoma kama bati, na nilipomuuliza jina lake akanijibu habari za ng'ombe wa baba yake. Tukamshusha watu wanne, tukamlaza ubavuni mwa lori maana kivuli kingine hakikuwepo, tukammwagia maji ya pipa la kumwagilia tofali na kumpepea kwa mifuko ya saruji mpaka bajaji ikafika. Maji ya kunywa ya watu 30 yalikuwa dumu moja la lita 20, na lilikwisha saa nne asubuhi! Hospitali walituambia mwili ukipita nyuzi 40 mtu anaweza kufa, na kwamba mgeni wa joto huzoeshwa kazi kidogo kidogo, wiki moja au mbili. Alipona. Jioni ile alilipwa nusu siku.

Kiwanja kile kilikuwa na mwembe mkubwa. Ulikatwa siku ya kwanza, eti lori lipate pa kugeuzia. Na siyo hapo tu. Barabara ikipanuliwa nabaki kuhesabu visiki, mama lishe wanapika juani, na sijaona anayepanda mti mwingine.

Ndugu yangu amejenga Muscat. Oman, Juni hadi Agosti, kazi za juani husimama saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu. Qatar, tangu 2021, ni kuanzia saa nne asubuhi. Sisi tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, lakini saiti nilizopita hukaguliwa kofia na viatu, basi.

Nataka hivi: Desemba hadi katikati ya Machi tuanze saa kumi na mbili asubuhi, tushuke saa sita, turudi saa tisa, ujira uleule. Slabu ianze saa kumi alfajiri kwa taa. Turubai la mita 6 kwa 6 lifungwe kabla tofali la kwanza halijashushwa, chini yake pipa safi lenye koki, na mtu mmoja alipwe kwa kazi ya kupitisha maji juu kila robo saa.

Yule kijana yuko saiti nyingine sasa, Kigamboni. Wanamwaga slabu Jumamosi.

Fundi mwashi,
Mbagala, Dar es Salaam